Madamu Zaharia na Akina Saïda Wawili

Zaharia Boinali aliingizwa katika kazi ya uchaguzi na mwandiko wake. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya vyumba vitatu pale Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, enzi ambazo gari likifika kijijini watoto wote walitoka nje kulitazama. Ilikuwa mwaka 1982, na uchaguzi wa rais ulipangwa mwezi wa Novemba. Mzee wa mtaa alipita shuleni akitafuta mtu wa kuandika ripoti ya kituo. Akachungulia dirishani, akaona ubao umejaa herufi zilizosimama wima kama zimepigwa chapa, akauliza ni nani aliyeandika. Jioni hiyo hiyo jina la Zaharia likapelekwa wilayani.

Baba yake alikuwa seremala Mkomoro mwenye asili ya Ngazidja, mama yake Msakalava wa hapo hapo kisiwani. Nyumbani walisema Kimalagasi. Kifaransa kilikuwa cha shuleni, na Kikomoro cha baba kilisikika wakati wa dua, wa kuuza kitanda, na wa hasira. Zaharia aliokota kidogo katika kila kimoja. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kila aliyemwona kwa mara ya kwanza alidhani ni mtu wa kukubali kila kitu.

Msimamizi wa kituo siku hiyo alikuwa Mouigni, mwalimu mkuu wa shule kubwa ya mjini, mtu ambaye walimu wenzake walikuwa wakizima sigara wakimwona kwa mbali. Watu walipiga kura, foleni ikaisha mapema, na saa kumi na moja sanduku likafunguliwa jua likiwa bado linaingia dirishani. Bahasha zilikuwa mia moja themanini na saba. Saini na alama za dole gumba kwenye daftari zilikuwa mia moja themanini na sita.

Walihesabu tena. Wakahesabu mara ya tatu. Mwalimu mkuu alikuwa amechoka na njaa ilikuwa inamuuma, akamwambia Zaharia aandike mia moja themanini na sita, bahasha moja iwekwe kando, watu wakale. Zaharia aliweka kalamu chini.

"Mwalimu mkuu, nikiandika hivyo nitakuwa nimeandika jambo ambalo halikutokea."

Mouigni akamwangalia, naye akaendelea kuliangalia daftari, kwa sababu kumtazama mzee usoni asingeweza. Kisha Zaharia akaanza kuwauliza wahusika wa kituo mmoja mmoja: ulipiga kura saa ngapi, jina lako liko ukurasa gani, saini yako hii hapa, asante. Wote walikuwa wameweka saini. Akabaki mmoja, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Na wewe, mwalimu mkuu, ulipiga kura saa ngapi?" Zaharia akauliza.

Mouigni akasema yeye alikuwa wa kwanza kabisa, mlango ulipofunguliwa, kila mtu alimwona. Zaharia akafunua ukurasa, akalizungusha lile daftari upande wa mzee. Mbele ya jina la Mouigni palikuwa peupe. Mzee akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka wakamletea maji. Zaharia akaandika kwenye ripoti kwamba msimamizi alipiga kura akasahau kuweka saini, na mzee akatia saini chini ya maneno hayo.

Kisa hiki sikukisikia kwa Zaharia. Nilikisikia kwa mzee Mouigni mwenyewe, ambaye alikisimulia katika kila mkutano wa walimu kwa miaka kumi, na kila mara alikuwa mtu wa kwanza kucheka.

Mimi naitwa Zoubeir. Nilimfahamu Zaharia mwaka 1985 alipohamia Mahajanga, kwenye shule yetu ya Mangarivotra. Alikuwa ameolewa na Fahardine, fundi wa injini za boti, aliyekwenda Nosy Be kutengeneza mashine moja kwa wiki mbili, akakaa miezi mitano. Tulimwita Madamu Zaharia, kama wanafunzi walivyomwita, na wazazi wao nao wakamwita hivyo hivyo. Kila uchaguzi ulipokuja, kituo namba tatu kiliwekwa katika darasa lake. Yeye msimamizi, mimi karani.

Kufanya kazi naye haikuwa starehe. Alifika siku moja kabla, akapanga meza mwenyewe, akakaa ndani ya kituturi cha shuka cha kupigia kura kuhakikisha kwamba mtu aliye mezani hawezi kumwona mpiga kura hata viwiko. Alifunga kalamu kwa uzi ili zisitoroke. Chai ilinywewa nje, kwa sababu mwaka mmoja mimi nilimwagia daftari kikombe kizima, na tangu siku hiyo daftari na chai havikukaa chumba kimoja. Wajawazito na wazee walipita mbele. Wengine wote walipanga foleni. Aliwahi kuja bwana mmoja mkubwa wa mjini na dereva wake, akataka kuingia moja kwa moja, na Madamu Zaharia akamwonyesha mkia wa foleni kwa adabu nyingi kiasi kwamba yule bwana alimshukuru kabla hajatambua anakwenda wapi.

Tukio ninalotaka kusimulia ni la uchaguzi wa wabunge, mwezi wa Juni 1993.

Katika mtaa wetu walikuwepo bibi wawili, wote wakiitwa Saïda Mohamadi. Kwa heshima tuliwaita Koko, kama Wakomoro wanavyomwita bibi. Wa kwanza alikuwa mfupi, mnene, mwenye kibanda cha mokari, zile keki za unga wa mchele na nazi, ndugu wa kitumbua. Huyo tulimwita Koko Saïda wa Mokari. Wa pili alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, mshonaji wa kofia, akaitwa Koko Saïda Mrefu. Wazazi wao hawakuwa na uhusiano wowote. Ni majina tu yaliyokutana, kwa kuwa kwa Wakomoro mtoto hubeba jina la baba yake, na akina Mohamadi ni wengi. Wala hakuna aliyejua tarehe zao za kuzaliwa, kwa hiyo karani fulani wa zamani aliwaandikia wote maneno yale yale: alizaliwa takriban 1928.

Zamani walikuwa marafiki wa karibu sana. Mwishoni mwa mwaka 1976, Wakomoro walipouawa hapa mjini na maelfu ya waliosalia wakapakiwa melini na kwenye ndege kurudishwa visiwani, wawili hawa walikaa wiki mbili katika chumba kimoja cha nyuma, kwa familia ya Kimalagasi iliyowaficha. Baadaye waliulizwa kama wanataka kuondoka. Wote wawili walikataa.

Lakini ilipofika 1993 walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na moja. Kisa kilikuwa barua. Mtoto wa Koko Saïda Mrefu alikuwa Moroni, huko visiwani, akamwandikia mama yake. Mtu wa posta akaisoma bahasha, Saïda Mohamadi, Mangarivotra, akaipeleka kwenye kibanda cha mokari. Koko Saïda wa Mokari hakujua kusoma. Akampa mteja amsomee, palepale mbele ya watu waliosubiri mokari zao, na barua ikatangaza kwamba kijana ameoa mke wa pili. Kufikia saa nne asubuhi mtaa wote ulikuwa na habari. Mama mwenye mtoto alizipata saa sita, kwa muuza mkaa. Hakusamehe.

Basi nilikuwa nimepewa ufunguo wa chumba, na siku ya uchaguzi nikausahau nyumbani. Tulipofungua tulikuwa tumechelewa dakika ishirini na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikarudi tena mbio kutafuta muhuri niliouacha kwenye mfuko wa koti jingine. Kwa dakika hizo Madamu Zaharia alikaa yeye mwenyewe kwenye daftari, mahali pangu. Wakati huo ndipo alipoingia Koko Saïda wa Mokari. Alikuwa na haraka. Mpwa wake alikuwa anaolewa Katsepy, ng'ambo ya ghuba, na kivuko cha asubuhi hakimsubiri mtu. Alitoa kadi, akachukua karatasi zake na bahasha, akaingia kituturini, akatumbukiza kura, akapakwa wino wa muhuri, akabonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa, kadi yake ikagongwa muhuri niliorudi nao wakati huo huo, akaenda zake.

Saa tatu akaingia Koko Saïda Mrefu, amevaa vizuri, kanga mpya na viatu vya kufunga. Akanipa kadi. Namba yake ilikuwa mia moja kumi na tisa. Nikafungua daftari, na mbele ya mia moja kumi na tisa palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, nzuri, iliyokauka. Mstari wa juu yake, mia moja kumi na nane, ulikuwa mtupu.

Nikamwita Madamu Zaharia kwa sauti ya chini. Aliangalia mistari ile miwili, jina lile lile mara mbili, mwaka ule ule mara mbili, na nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Kosa ni langu," alisema, na hakulisema kwa sauti ya chini. "Asubuhi nilisoma jina, sikusoma namba. Nimempa Koko wa Mokari mstari wa mwenzake."

Walikuwepo mawakala wawili wa wagombea ndani ya chumba. Mmoja ni Youssouf, mchinjaji wa mtaani kwetu, mtu wa kicheko. Yeye alisema jambo ni jepesi: Koko aweke dole kwenye mstari mtupu, mwisho wa siku hesabu itakuwa sawa, hakuna haja ya kusumbuana. Wa pili ni Ahamada, karani wa bandarini, ambaye chama chake kilimleta kutoka upande mwingine wa mji ili asijuane na mtu. Alikuwa amefika saa moja, kwa hiyo hakumwona Koko wa Mokari. Alikuja, akalitazama daftari, akasema kwa utulivu kwamba yeye anachoona ni jina moja lililoandikishwa mara mbili, na mtu mmoja aliyepewa kadi mbili, aliyepiga kura asubuhi kwa moja na sasa amerudi na ya pili.

Foleni ikaanza kunung'unika. Watu saba wakajitolea kuapa kwamba akina Saïda ni wawili, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Ahamada akajibu kwamba majirani huapiana, na kwamba hata yeye angewaapia majirani zake. Koko Saïda Mrefu alikuwa amesimama wima katikati ya haya yote, kadi mkononi.

Madamu Zaharia angeweza kumpuuza Ahamada. Wengi walitaka afanye hivyo. Lakini alisema wakala ana haki ya kutilia shaka asichokijua, kwamba kazi yake pale ndiyo hiyo, na kwamba kama angekuwa yeye angeuliza vile vile. Akamuuliza ni kitu gani kitakachomridhisha. Ahamada akafikiri, akasema: niwaone wote wawili, wamesimama pamoja, na kadi zao.

"Mpaka saa kumi na moja jioni mlango uko wazi," Madamu Zaharia akamwambia Koko. "Akija mwenzako kabla ya hapo, utapiga kura yako. Nisamehe, Koko. Aliyekosea ni mimi, si wewe."

Koko Saïda Mrefu alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Kisha akasema maneno ambayo sisi tuliokuwa mezani tuliyasikia vizuri. Alisema mwaka ule walipoambiwa kwamba wao si wa hapa, yeye alibaki, na baadaye akaja mtu na daftari kama hili akaandika jina lake, na akafurahi kuliko siku ya harusi yake. Hataondoka leo bila kupiga kura. "Kama ni kumfuata yule mwanamke," alisema, "nitamfuata."

Kivuko cha mchana kingemfikisha Katsepy lakini kisingemrudisha kwa wakati. Ilipofika saa sita akaja Fahardine na chakula cha mkewe ndani ya kitambaa. Mkewe hakugusa chakula. Alimweleza mambo yalivyo, lakini hakumwomba chochote. Alikuwa msimamizi, na msimamizi hatumi mumewe shughuli za wapiga kura. Ni Youssouf aliyemuuliza Fahardine kama ile boti aliyoifungia injini juzi imeshajaribiwa. Fahardine akasema bado. Ahamada naye akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye hana pingamizi na boti.

Yaliyotokea ng'ambo nimeyapata kwa Fahardine, na akina Koko wenyewe hawakuyakanusha.

Walifika Katsepy saa saba. Koko Saïda Mrefu alishuka majini na viatu vyake vya kufunga, hakukubali kubebwa, akapanda mchangani akifuata harufu ya pilau. Nyuma ya nyumba ya harusi wanawake kama kumi walikuwa wamezunguka masufuria, na katikati yao Koko Saïda wa Mokari ameshika mwiko. Wote walijua habari ya barua.

Koko Saïda Mrefu akasema, "Saïda, huko shuleni wanasema mimi na wewe ni mtu mmoja."

Koko Saïda wa Mokari akamtazama kutoka miguuni mpaka kichwani, safari ndefu hiyo, akasema, "Mungu apishe mbali."

Mwanamke mmoja akacheka, na alipocheka yeye wakacheka wote, na Fahardine anasema hata Koko Saïda Mrefu alifunika mdomo na ncha ya kanga. Akaeleza kila kitu: mstari, dole gumba, yule kijana wa bandarini. Koko wa Mokari akasema atakuja, lakini wali umetiwa maji sasa hivi, na watu mia mbili watakula wali ule, hawezi kuuacha kwa mtu mwingine. Fahardine akaanza kulitazama jua. Basi Koko Saïda Mrefu akavua viatu vyake vilivyolowa, akavianika karibu na moto, akachukua kisu na kikapu cha vitunguu, akakaa. Walipika pamoja saa nzima na nusu. Walizungumza juu ya chumvi tu.

Saa nane na nusu wakapanda boti, na katika kurudi upepo ulikuwa umeamka na ghuba imechafuka. Injini ya Fahardine ilifanya kazi vizuri lakini kwa makelele makubwa. Ndipo Koko wa Mokari alipochagua kuzungumzia barua. Kwa kuwa hawakuweza kusikiana, ilibidi kila neno walipigie ukelele. Fahardine, aliyekuwa nyuma ameshika usukani, alisikia ugomvi wa miaka kumi na moja ukimalizwa kwa sauti ya watu wanaouza samaki. Mmoja alisema barua ilikuwa na jina lake, afanye nini. Mwingine akasema ingekuwa yako ungesomewa chumbani, si kibandani. Hapo wimbi likawamwagia maji wote watatu, Koko wa Mokari akafuta uso, akasema kwa ukelele kwamba ni kweli, hapo alikosea, na kwamba alitaka kuja kusema hivyo siku ya pili yake lakini aliogopa. Koko Saïda Mrefu akajibu kwa ukelele kwamba alimsubiri.

Huku kwetu ilikuwa imefika saa kumi na robo. Madamu Zaharia alifanya kazi yake kama kawaida, akasoma namba za watu kwa sauti, moja moja, ila nilimwona kila dakika tano akitazama mlango. Chakula chake kilikuwa bado kimefungwa. Ahamada naye alikuwa ameacha kukaa, anasimama dirishani.

Yeye ndiye aliyewaona kwanza. Walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka upande wa bahari, wamelowa, mrefu amemshika mfupi mkono, wanasimama kila hatua chache ili mfupi apumue. Foleni iliyobaki ikawafungulia njia bila kuambiwa. Wakaingia, wakasimama mbele ya meza bega kwa kiwiko, kila mmoja na kadi yake. Namba mia moja kumi na nane, imegongwa muhuri. Namba mia moja kumi na tisa, haijagongwa.

"Ni huyu kijana?" Koko wa Mokari aliuliza.

"Ndiye," akasema mwenzake.

Ahamada aliwaangalia, kisha akawaamkia kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kama anavyopaswa mtu aliyelelewa. Akasema ameona, ni wawili, na hana la kuongeza. Madamu Zaharia akachukua ripoti kutoka kwangu, akaandika kwa mkono wake, kwa zile herufi zake zilizosimama wima: kwamba msimamizi mwenyewe, kwa kutosoma namba, alimwonyesha mpiga kura wa mia moja kumi na nane mstari wa mia moja kumi na tisa, kwamba wote wawili wameletwa wakatambuliwa, kwamba mstari mtupu utatumiwa na huyu wa pili. Akawasomea mawakala. Youssouf akatia saini, Ahamada akatia saini. Saa kumi na dakika arobaini Koko Saïda Mrefu akaingia kituturini na viatu vyake vinavyotoa maji. Alikaa humo muda mrefu sana. Alipotoka, akainua bahasha juu kidogo ili wote tuione, akaitumbukiza.

Hesabu ya bahasha na ya saini ilikuwa sawa, mara ya kwanza tu tulipohesabu. Madamu Zaharia ndipo alipofungua chakula chake, kimeshapoa, akagawa nusu kwa Ahamada aliyekuwa hajala tangu asubuhi.

Tukirudi nyumbani alikuwa na huzuni kidogo. Aliniambia hawatamwita tena, kwa sababu nani atamwita msimamizi aliyeandika kosa lake kwenye karatasi ya serikali. Mimi nilidhani hivyo pia, na nilijilaumu kwa ule ufunguo na ule muhuri. Miezi ilipita kimya. Halafu ikaja barua ya wilaya, yenye jina lake kamili na namba ya nyumba. Hawakumtaka kituo namba tatu peke yake. Walitaka awafundishe wasimamizi wengine, mji mzima na vijiji vya karibu, jinsi ya kuandika ripoti. Afisa aliyesaini aliongeza kwa mkono kwamba katika ripoti zaidi ya mia alizopokea, ile ilikuwa pekee iliyomweleza kilichotokea.

Kwa hiyo kwa miaka mingi Madamu Zaharia alizunguka na mkoba wake wa ngozi ya bandia. Aliwafundisha walimu, manesi, vijana wasio na kazi, hata dereva mmoja wa lori aliyekuwa na mwandiko mzuri ajabu. Mara moja wakampeleka Nosy Be, akaenda Ambatoloaka, akaipata shule yake imezungukwa na mahoteli na mabaa, na wasimamizi aliowafundisha wakawa wahudumu na wapishi waliokuja na sare zao za kazi. Alirudi akifurahi. Alisema wahudumu ni watu wazuri kwa uchaguzi, wamezoea kukumbuka nani ameagiza nini bila kuiambia meza ya pili.

Akina Koko walirudi kuwa marafiki na walibaki hivyo mpaka mwisho. Kila uchaguzi walikuja pamoja, mfupi mbele mrefu nyuma, na kabla hatujafungua daftari walitutajia namba zao kwa sauti, hata tulipokuwa hatujauliza. Koko wa Mokari alitangulia kufariki, mwaka 2004. Mwenzake alimfuata baada ya miaka miwili.

Madamu Zaharia alistaafu ualimu, kisha akaacha na kazi ya vituo, akasema macho yake hayatofautishi tena tatu na nane. Mwezi wa Novemba 2018 tulikwenda kupiga kura pamoja, yeye, Fahardine na mimi, wazee watatu. Karatasi siku hizi ni moja tu, ina picha za wagombea wote, na sanduku linaonyesha ndani. Msimamizi alikuwa Sittina, mwanafunzi wake wa zamani, binti mwenye miwani mikubwa. Alipomwona mwalimu wake kwenye foleni akatoka nje, akamsihi apite mbele, umri unamruhusu. Madamu Zaharia akasema hajisikii mzee na anapenda kusimama. Tukasimama nusu saa. Alichungulia kituturi, akahesabu viti, akatikisa kichwa juu ya jambo fulani, akajizuia kusema.

Zamu yake ilipofika akafungua mkoba. Akaupekua. Akatoa miwani, leso, pipi za hiliki, risiti ya umeme. Kitambulisho hakikuwemo. Sittina aliona aibu kuliko yeye. Vijana wa mezani walianza kusema kwamba huyu ni Madamu Zaharia, hata kuku wa Mangarivotra wanamjua. Sittina akawatazama, akalishika daftari kwa mikono miwili.

"Samahani sana, Madamu," alisema. "Bila kitambulisho siwezi."

Sijawahi kumwona Madamu Zaharia amefurahi namna ile, hata siku ya barua ya wilaya. Alimpiga Sittina begani mara mbili, akafunga mkoba, akageuka, akapita katikati ya foleni nzima akicheka peke yake. Fahardine akamfuata akimuuliza kama amekiacha kwenye droo au juu ya friji. Nilisikia wakibishana juu ya droo na friji mpaka walipokata kona.